Kupima maji kabla ya kuchimba kisima: yaliyotupata Rongai

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha Solai kimlipe mpimaji wa maji ya chini ya ardhi kabla ya kuleta mashine ya kuchimba, au mwite mzee wa kijiti, yule anayetafuta maji kwa kutazama kijiti kinapoinama mkononi, awaonyeshe mahali. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji huku Rongai, na njia zote mbili tumezipitia.

Mara ya kwanza tulimfuata mzee. Kijiti kiliinama karibu na kanisa, pale pale ambapo kila mtu alitamani kisima kiwe. Mashine ilishuka mita 120 ikitoa vumbi tupu, na pesa za harambee ya miaka miwili zikaishia hapo. Kuna akina mama waliouza mbuzi kwa ajili ya mchango ule. Hadi leo nikikutana nao njiani roho huniuma.

Mara ya pili tulileta mwanajiolojia mwenye leseni. Alipigilia vyuma vinne kwa mstari mmoja: viwili vya nje vya kupitisha umeme, viwili vya ndani vya kupimia jinsi ardhi inavyouzuia umeme huo. Vya nje akawa anavisogeza mbali zaidi na zaidi, maana kadiri vinavyoachana ndivyo kipimo kinavyofika chini. Mwamba mgumu usio na nyufa huuzuia umeme sana. Udongo wa mfinyanzi huupitisha kwa urahisi, na maji ya chumvi vivyo hivyo. Mwamba uliopasuka wenye maji yasiyo na chumvi huangukia katikati. Kwa hiyo kifaa chenyewe hakioni maji. Mpimaji ndiye anayezisoma namba na kuzilinganisha na visima vya jirani, na ndiyo maana anayepima mahali pamoja tu, pale mlipokwisha kupachagua, msimpe kazi. Wetu alipima sehemu nne, na akakataa kupima kando ya seng'enge na bomba la chuma kwa kuwa vinapotosha kipimo. Palipotoka vizuri ni ndani ya shamba la mahindi la familia moja. Kuelewana nao na kuandikiana kulichukua miezi mitatu. Ripoti yake ndiyo tuliyopeleka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuombea kibali.

Maji tukapata, mengi. Tulipoyapeleka maabara, floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, ilikuwa zaidi ya maradufu ya kiwango cha juu kinachokubalika cha miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Bonde la Ufa hutoka kwenye miamba ya volkano, na vile vyuma haviwezi kuionyesha. Kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki. Sasa maji ya kisima ni ya mifugo na kufulia, watoto wanakunywa ya mvua, nasi tunachangia chujio la mkaa wa mifupa la kupunguza floraidi.

Basi kabla hamjamlipa yeyote, chukueni maji ya visima viwili vitatu vya jirani hapo Solai mkayapimishe floraidi. Na mtazame meno ya watoto waliokulia kwenye maji hayo, kama yana madoa ya kahawia.