Kwa anayekabidhiwa uadmini msimu wa korosho

Mdogo wangu, ukikabidhiwa grupu la wakulima, iwe Tandahimba au Ruangwa, jiulize watu wamejiunga kutafuta nini. Wanataka bei ya mnada, siku ya malipo, na kujua kama mzigo umepokelewa ghalani. Msimamo wako wa siasa hawakuuomba.

Wakubwa wa teknolojia nao hujikwaa hapo. Januari 2021, baada ya jengo la Bunge la Marekani kuvamiwa na Twitter kumfungia Donald Trump, Mitchell Baker, aliyekuwa mkuu wa Mozilla inayotengeneza kivinjari cha Firefox, aliandika kwamba kufungia watu hakutoshi. Alitaka mitandao iseme nani analipia matangazo na yanamlenga nani, na iweke wazi jinsi algorithimu zake, yaani programu zinazoamua mtumiaji aone nini, zinavyofanya kazi. Hayo ni madai ya uwazi. Lakini aliongeza kwamba ziwashwe, bila kusubiri mtumiaji achague, zana za kuzipa nguvu sauti za ukweli dhidi ya upotoshaji. Wapo watumiaji waliowaka: nani kaiteua kampuni ya kivinjari kuwa hakimu wa ukweli?

Cloudflare, kampuni inayozilinda tovuti dhidi ya mashambulizi, ndiyo funzo zaidi. Mwaka 2017 iliufukuza mtandao wa Wanazi mamboleo, Daily Stormer. Bosi wake, Matthew Prince, aliwaambia wafanyakazi kwamba aliamka vibaya siku ile akaamua kuwaondoa, kisha akakiri kwamba mtu yeyote hapaswi kuwa na uwezo kama huo. Kufukuza Wanazi mimi sina shida nako. Shida ni kanuni inayotegemea bosi ameamkaje.

Kwa hiyo kanuni ziandike kabla msimu haujafunguliwa, zikiwa fupi, zibandikwe juu ya grupu. Mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, akisambaza kwamba mnada umeahirishwa, ili mkulima amuuzie kwa bei ya kutupa, futa, utaje kanuni aliyovunja, uweke tangazo halisi la mnada. Anayesema stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, inamnyonya mkulima, mwache aseme. Ni maoni yake, hata kama mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, atakupigia usiku kutaka atolewe. Mwenyekiti atakutajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, hivyo mwulize uongo uko wapi.

Sisemi kampuni zikae kimya daima. Siku moja kabla ya uchaguzi wetu wa Oktoba 2020, Twitter ilisema hadharani kwamba huduma yake inazuiwa Tanzania. Ilikuwa kazi yao kusema, maana mtumiaji alikuwa anahangaika na simu akidhani bando limekwisha.

Wewe ukitaka kumpigia debe mgombea, tumia ukurasa wako mwenyewe. Na tafuta admini wa pili kutoka kata nyingine, asiye ndugu yako wala mwanachama mwenzako wa chama cha siasa. Mtu asitolewe mpaka wote wawili mmeusoma ujumbe wake.