Kocha Anajibu: Likizo ya Aprili Katika Milima ya Mallorca

SWALI: Kocha, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Kahawa Wendani, na Jumamosi huwa naendesha baiskeli na wenzangu hadi Tigoni na kurudi. Binamu yangu anayeishi Uhispania amenialika kwenye kambi ya mazoezi ya baiskeli za barabarani kisiwani Mallorca, wiki moja wakati wa likizo ya Aprili. Akiba ninayo. Ila wenzangu wananitisha kwamba Wazungu wataniacha mlimani siku ya kwanza. Wengine wanadai nitarudi na damu ya wakimbiaji wa Iten. Nijiandae vipi?
Mwalimu, Kahawa Wendani

JIBU: Mwalimu, nenda. Natangulia kusema hivyo usije ukasoma yafuatayo ukidhani natafuta njia ya kukuzuia.

Habari ya damu wameielewa kinyume. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni hukaa huko wiki kadhaa ndipo mwili wake uongeze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, kwa kiasi cha maana. Kilele kirefu kuliko vyote Mallorca, Puig Major, ni kama mita 1,440, chini ya hapo unapolala Wendani. Waendesha baiskeli wa Ulaya wanaotaka hewa nyepesi huihama pwani na kupanda mlima Teide kule kisiwani Tenerife, au milima ya Sierra Nevada. Wewe hewa inayokaribia hiyo unaivuta kila siku ukisahihisha madaftari.

Kwa hiyo utashuka kwenye ndege ukahisi pumzi hazikwishi. Hapo ndipo ninapokuhofia. Asubuhi ya kwanza miguu itakuwa myepesi, kundi litakuwa na furaha, nawe utataka kuwaonyesha wa Nairobi ni nani. Usifanye hivyo. Kambi ni siku zinazofuatana, na uchovu wa Jumapili hulipwa Jumatano. Siku mbili za mwanzo panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima. Kambi nyingi huwagawa watu kwa kasi, basi anza na kundi la polepole. Kupandishwa katikati ya wiki ni raha kuliko kushushwa.

Je, wako watakaokuacha? Wapo, wenye miaka mingi kwenye tandiko kukushinda. Uzungu wao hauhusiki. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na akavaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho. Chris Froome, aliyeshinda mbio hizo mara nne, alizaliwa hapa Nairobi na akafunzwa na David Kinjah wa Kikuyu. Barabara zetu zinatosha kumjenga mtu.

Kitu ambacho barabara zetu hazikufundishi vizuri ni kushuka. Sisi tunateremka kuelekea Mai Mahiu tumekaba breki mwanzo hadi mwisho, lori mbele, lori nyuma, macho yakitafuta mashimo. Na Sa Calobra, mlima utakaosikia ukitajwa kila jioni kambini, huanza kwa mteremko: barabara ni moja tu, inashuka hadi baharini, halafu unageuka na kuupanda huo huo, zaidi ya kilomita tisa kwa mwinuko wa wastani wa asilimia saba hivi. Kona zake ni kali, na mahali pamoja barabara inazunguka na kupita chini yake yenyewe. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kisha legeza breki. Pedali ya upande wa nje iwe chini na uzito wako uwe juu yake. Tazama unakotaka kutokea, si ukingo wa barabara.

Halafu kuna jambo ambalo naomba uliandike kwenye karatasi na kulibandika usukanini: Uhispania huendesha kulia. Ukiwa ndani ya kundi hutakosea. Hatari ni baada ya kusimama kunywa kahawa, unapoondoka peke yako, barabara tupu, na mazoea ya miaka yote yanakuvuta kushoto.

Mazoezi mazito yafanye Januari na Februari, kabla masika hayajaanza kulowesha Nairobi. Achana na Tigoni kwa muda, uende barabara ya Magadi. Ondoka alfajiri, pita Kona Baridi, shuka hadi Olepolos ukijifunza kona, kisha urudi juu bila kusimama. Beba maji mengi, joto la kule halina huruma. Mwezi wa mwisho fanya Jumamosi na Jumapili mfululizo, maana miguu yako haijazoea kuamshwa ikiwa bado imechoka. Na ule ukiwa njiani, kuanzia nusu saa ya kwanza, kiasi cha gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Tumbo nalo linahitaji mazoezi, kwa hiyo lizoeze huku.

Baiskeli ningekodi kule, nikabeba pedali, viatu na tandiko langu. Omba yenye gia nyepesi ya mlimani: meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma. Koti jepesi la upepo ni lazima. Baridi ya kushuka ukiwa umelowa jasho hukakamaza vidole hata breki isishikike.

Viza ya Schengen unaruhusiwa kuiomba miezi sita kabla ya safari, na bima yako ya matibabu ifikie angalau yuro 30,000. Usingoje Machi.

Januari ikifika, niandikie muda unaotumia kupanda kutoka Olepolos hadi Kona Baridi, pamoja na gia uliyotumia, nikupangie wiki zitakazobaki.