Neodimiamu: ni madini, metali au ardhi adimu?

SWALI: Nafundisha shule ya ufundi na nimepewa kazi ya kufasiri kijitabu kinachokuja na sumaku za maabara. Nimeandika hivi: "Neodimiamu ni ardhi adimu, madini yenye nguvu kubwa ya kuvuta. Sumaku hizi zimetengenezwa kwa chuma cha neodimiamu." Mwenzangu mmoja anasema niandike "neodimi" na nifute "ardhi adimu". Mwingine anasema "madini" yanatosha kila mahali. Nifuate lipi? Na sumaku huvuta, hunasa au hushika?

JIBU: Mwalimu, kisarufi sentensi zako hazina kasoro. Kasoro ni za kisayansi, na zimeingia kupitia maneno matatu: ardhi, madini na chuma.

Tumalize kwanza la tahajia, maana ndilo jepesi. "Neodimi" na "neodimiamu" zote zimeandikwa na watu makini. Mimi nachagua "neodimiamu" kwa sababu wanafunzi wako tayari wanasoma sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na haifai wakutane na muundo mwingine kwa elementi moja tu. Ukichagua "neodimi", basi uandike pia elementi ndugu zake "praseodimi" na "disprosi", usichanganye katika kijitabu kimoja. Alama ya kikemia inabaki Nd, na nambari yake ya atomi ni 60. Nomino hii ni ya ngeli ya I-ZI na haihesabiki: neodimiamu hii inang'aa, neodimiamu nyingi, kilo mbili za neodimiamu.

"Ardhi adimu" lifute kabisa. Mswahili akisikia ardhi anafikiria shamba, kiwanja na hati. Wakemia wa Ulaya katika karne ya 18 walikuwa wakiita "udongo" poda za oksaidi (metali iliyoungana na oksijeni) zisizoyeyuka kwa urahisi, kama ile ya chokaa, na jina likabaki hata baada ya metali zenyewe kutolewa ndani ya poda hizo. Huo ni mzigo wa historia yao, hatuna haja ya kuubeba. Magazeti yetu yamezoea "madini adimu", na kwa habari ya kawaida linatosha. Darasani sema "elementi adimu", kisha uzitaje: lanthanidi 15 (elementi zenye nambari ya atomi 57 hadi 71) pamoja na skandiamu na itriamu, jumla 17.

Hata "adimu" lenyewe linahitaji maelezo ya sentensi moja, la sivyo mwanafunzi atapotoka. Katika ganda la dunia, neodimiamu ni nyingi kuliko metali ya risasi (Pb). Shida ni kwamba imetawanyika, mahali ilipojikusanya pakachimbika ni pachache, na kuitenganisha na ndugu zake ni kazi ngumu. Kwa upande mwingine, tanzanaiti ya Mererani ni adimu kwelikweli, lakini haimo katika kundi hili. Vilevile usichanganye na "madini mkakati": hilo ni jina la kisera, na ndani yake huingizwa hata grafiti na nikeli.

Sasa "madini", ambalo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu limegeuka kuwa gunia la kutia kila kitu. Kliniki mama mjamzito anaambiwa ale vyakula vyenye madini ya chuma, dukani kuna chumvi yenye madini joto, na mgodini mawe yote ni madini. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Katika kijitabu cha ufundi ubaya upo, kwa sababu neodimiamu hupita hatua kadhaa kabla ya kufika mkononi mwa mwanafunzi, na kila hatua ni kitu tofauti chenye bei tofauti na hatari tofauti.

Chukua Ngualla, mkoani Songwe. Pale kuna mwamba wa karbonatiti, yaani mwamba wa asili ya magma wenye kaboneti nyingi. Ndani ya mwamba kuna bastnesiti, na bastnesiti ndiyo madini kwa maana ya kijiolojia: kitu cha asili chenye muundo wake wa fuwele na kanuni yake ya kikemia. Gakara, nchini Burundi, madini yake ni bastnesiti na monaziti. Kwa hiyo ukisema "Ngualla kuna madini ya neodimiamu", elewa kwamba hakuna mtu atakayeokota kipande cha neodimiamu pale. Jiwe lenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida huitwa mbale. Mbale ikisagwa na kupunguziwa uchafu, tunapata makinikia, neno ambalo Watanzania wengi walilizoea mwaka 2017 serikali ilipozuia makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje. Makinikia hufanyiwa kazi kwa kemikali, asidi zikiwemo, kisha elementi hutenganishwa moja baada ya nyingine kwa vimiminika viwili visivyochanganyika, hatua kwa hatua, na hatua hizo hufika mamia. Kinachotoka ni oksaidi, ambayo ni poda. Oksaidi nayo hupitishiwa umeme ndani ya chumvi za floridi zilizoyeyuka, na hapo ndipo metali inapozaliwa. Metali huchanganywa na nyingine kuwa aloi, na aloi ndiyo hugeuzwa sumaku.

Mwamba, madini, mbale, makinikia, oksaidi, metali, aloi, sumaku. Maneno yote tunayo. Mwandishi anayeandika "nchi inauza madini ya neodimiamu nje" amemficha msomaji jambo kubwa: kuuza makinikia na kuuza metali ni biashara mbili zisizolingana hata kidogo.

Jina lenyewe nalo lina la kufundisha. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach, huko Vienna, aligawa kitu kilichodhaniwa kuwa elementi moja, didimiamu, akapata mbili: praseodimiamu na neodimiamu, yaani "pacha mpya" kwa Kigiriki. Hadi leo viwanda huziuza mara nyingi zikiwa pamoja, kwa sababu zinafanana mno kitabia na sumaku hazidhuriki zikibaki zimechanganyika. Ukikuta NdPr kwenye lebo, ni mapacha hao. Usiifasiri kama elementi moja.

Tuje kwenye "chuma cha neodimiamu". Mtaani chuma ni metali yoyote ngumu, lakini katika kemia chuma ni Fe peke yake. Hapa tofauti hiyo inakata, kwa sababu sumaku unazozieleza kweli zina chuma, tena kingi. Kampaundi yake ni Nd₂Fe₁₄B. Piga hesabu kwa uzito: chuma ni asilimia 72 hivi, neodimiamu 27 hivi, boroni 1. Kwa hiyo "chuma cha neodimiamu" kitamfanya mwanafunzi aamini kwamba kipande chote ni neodimiamu, ilhali zaidi ya theluthi mbili ni chuma. Andika "metali ya neodimiamu" unapozungumzia elementi tupu, na "sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni" unapozungumzia kifaa. Neodimiamu tupu, katika joto la kawaida la chumba, haifai hata kuwa sumaku ya kudumu.

Ningeandika hivi: "Neodimiamu ni metali ya kundi la elementi adimu. Ikichanganywa na chuma na boroni hufanya aloi ya kutengenezea sumaku za kudumu zenye nguvu kuliko aina nyingine zote zinazouzwa madukani." Sumaku hizo zimo kwenye visikilizio vya simu, diski za kompyuta, mitambo ya upepo, na mota za gurudumu za pikipiki za umeme.

Kuhusu vitenzi, usichague kimoja. Kila kimoja kina mahali pake. Sumaku huvuta kitu kikiwa bado mbali, hunasa kikishafika, na hushikilia kisidondoke. Ncha zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana. Nguvu ikipungua, fundi wa spika atasema sumaku imekufa. Kitabuni andika "imepoteza usumaku". Lakini tenganisha viwango. Sumaku ya daraja la kawaida, mfano N42 isiyo na herufi ya ziada, ikizidi nyuzi 80 za Selsiasi huanza kudhoofika, na sehemu ya nguvu hairudi hata ikipoa. Ikifika nyuzi 310 hivi, usumaku wote hutoweka. Herufi za mwisho ndizo zinazotaja ustahimilivu wa joto: H ni hadi nyuzi 120, SH hadi 150. Usizifute katika tafsiri ukidhani ni mapambo.

Sumaku hizi hazipindi kama msumari. Hutengenezwa kwa poda iliyoshindiliwa na kuokwa, ndiyo maana zikigongana humeguka na kurusha vipande vyenye makali. "Huvunjika" si kosa, ila "humeguka" linamwonyesha mwanafunzi kwa nini avae miwani. Neodimiamu tupu ikikaa hewani hufanya gamba la oksaidi lisiloshikamana nayo. Gamba hubambuka, sehemu mpya ikaliwa. Neno "kutu" liachie chuma. Kwa sababu hiyo metali huhifadhiwa ndani ya mafuta, na sumaku hupakwa matabaka ya nikeli, shaba na nikeli tena. Andika wazi: "Usitoboe wala kusaga sumaku hii." Kutoboa huondoa matabaka hayo, na vumbi lake hushika moto.

Jihadhari pia na "yeyusha", maana tunalitumia kwa moto na kwa maji sawia. Taja njia kila mara: metali huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 1020, oksaidi huyeyushwa katika asidi. Mwanafunzi akisoma "oksaidi huyeyushwa" tu, atatafuta tanuru badala ya glavu.

Mwisho, onyo la watoto. Nimeona vijitabu vikisema "ni hatari kumeza", basi. Sababu iandikwe: sumaku mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti huvutana kupitia kuta za utumbo, hubana nyama iliyo katikati na kuutoboa, kwa hiyo mtoto apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye asiziweke kwenye mfuko wa shati.