Yupi? Maneno kwa wanafunzi wapya mnaokwenda Pune

Wengi wenu mtatua Pune, India, kati ya Julai na Agosti, na kabla hamjazoea hata pilipili ya kantini mtakutana na Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Mabanda yatajengwa katikati ya barabara, ngoma za dhol zitapigwa mpaka vioo vya madirisha vitetemeke, na jirani atakuuliza kama umeshakwenda kumwona Bappa, yaani huyo huyo Ganesha. Nilikaa pale miaka minne. Mengi niliyajua nikiwa nimeshaumbuka, kwa hiyo shikeni haya machache.

Katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba Wahindu wanaabudu tembo. Mwalimu alilizungushia neno "tembo" wino mwekundu, akaandika pembeni: "Yupi?" Nilidhani anatania.

Ganesha si tembo. Ni mwana wa mungu Shiva na mkewe Parvati, ana mwili wa mtu na kichwa cha tembo. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba Parvati alimfinyanga kijana kwa manjano aliyojisugulia mwilini, akamweka mlangoni alinde yeye anapooga. Shiva akarudi, kijana asimjue, akamzuia baba yake asiingie, akakatwa kichwa. Parvati alipowaka kwa hasira ikabidi kitafutwe kichwa kingine, na kilichopatikana kilikuwa cha tembo. Tazameni sanamu vizuri, mtaona pembe moja imekatika. Kuna wasemao aliivunja mwenyewe apate kalamu ya kuandikia Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu, huku mtunzi wake Vyasa akimsomea, na kuna wasemao ilikatwa na shoka la Parashurama, shujaa wa visa vyao. Usibishane na mwenyeji kisa kipi ndicho cha kweli. Nyumba moja yaweza kuwa na vyote viwili, na hakuna anayekosa usingizi.

Kazi yake ni kuondoa vikwazo, ndiyo maana huombwa kabla ya miungu mingine: harusi, duka jipya, mtihani. Wenzangu kadhaa waliandika jina lake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Mimi niliyefundishwa chuo cha Kurani kwamba jambo lisiloanza na bismillahi halina baraka sikuhitaji ufafanuzi mrefu.

Sherehe yenyewe ni ya siku kumi, Agosti au Septemba kwa kufuata mwezi wao wa Bhadrapada. Majumbani ni ya kale. Hii ya barabarani ilivumishwa na mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak kuanzia 1893, wakati ambapo mkusanyiko wa siasa ulitiliwa shaka na Waingereza lakini mkusanyiko wa dini ulikuwa mgumu kuupiga marufuku. Kama unasoma historia au siasa, achana na mada za kujirudia. Hapa ndipo penye nyama.

Siku ya mwisho, sanamu zinapopelekwa kuzamishwa majini, usipange safari. Narudia, usipange. Maandamano ya Pune yakitanguliwa na sanamu ya Ganesha iitwayo Kasba Ganpati hupita saa 24 kabla hayajaisha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na tiketi ya basi la kwenda Mumbai na sanduku kubwa kichwani, nikakwama pembeni ya Laxmi Road mpaka miguu ikafa ganzi. Basi likaondoka bila mimi. Nilirudi chumbani nimepakwa unga mwekundu hadi masikioni.

Na suala la kula. Utapewa modak, kitumbua cha unga wa mchele chenye nazi na sukari guru ndani, kilichokwisha kutolewa kwa Ganesha. Kwa baadhi yetu, Waislamu na Wakristo, hilo ni jambo la imani, basi amua ukiwa bado chumbani, si mkono wa mtu ukiwa umeshanyooshwa. Ukikataa, weka kiganja kifuani, shukuru, tabasamu. Sikuwahi kuona aliyekasirika. Ukipokea, tumia mkono wa kulia, kama kwetu. Viatu vinabaki nje.

Sasa turudi kwenye ile "Yupi?" Niliielewa nilipoanza kusafiri likizo. Kule Kerala, kusini mwa India, kwenye sherehe ya Thrissur Pooram, tembo wapatao thelathini husimama wamevikwa paji la dhahabu, lakini anayeheshimiwa ni mungu aliyebebwa mgongoni. Tembo pale ni mbebaji. Wanasimama kwenye jua na fataki, miguu ina minyororo, na wenyeji wenyewe wanabishana juu ya hilo. Mwaka 2023 hekalu moja la wilaya ya Thrissur lilipokea tembo wa mashine afanye kazi hiyo. Mimi niko upande wa mashine, ila nilifanya kosa la kulisema hilo mezani kwa watu waliokuwa wamenikaribisha, na chai ikapoa. Sikiliza kwanza.

Kandy, Sri Lanka, tembo aliyeitwa Raja alibeba kasha la jino la Buddha kwa miaka mingi. Alipokufa 1988 mwili wake ulikaushwa, na hadi leo umesimama kwenye hekalu la jino hilo. Kwa Wabudha, mama yake Buddha aliota tembo mweupe akimwingia ubavuni. Yuko pia Nalagiri, aliyeleweshwa ili amkanyage Buddha, akatulizwa kwa upole tu. Kiswahili hapo kinajichekea: tembo kalewa tembo. Thailand tembo mweupe ni wa mfalme, na ukimwona utashangaa, maana rangi yake ni kama waridi lililofifia.

Tusisahau kwamba hata Uarabuni ni Asia. Aliyepita chuo anaijua Surat al-Fil, sura ya tembo katika Kurani, tangu utotoni: jeshi la Abraha lililokuja kuivunja Kaaba, ndovu, ndege na vijiwe. Ndovu huyo alikuja kama silaha. Ndiyo maana swali la "tembo ana maana gani Asia" halijibiki.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa Mgujarati, tukimwita Ba. Mwaka wa mwisho alinifungulia kitambaa chenye bangili za harusi za bibi yake, za pembe za ndovu, nene, zimepakwa rangi nyekundu. Akaniuliza kama najua zimetoka wapi. Jangbar, akasema, yaani Zanzibar. Tembo jike wa Asia kwa kawaida hana pembe za kuonekana, na maharusi wa Gujarat walihitaji bangili, kwa hiyo karne ya 19 pembe zilibebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, zikapakiwa majahazini kwenda Kutch na Bombay. Nilizishika nisijue la kusema. Nje mtaa ulikuwa unamsindikiza Bappa mtoni, watoto wakimpigia kelele arudi mapema mwakani. Ba akazifunga tena kitambaani.