Kuhusu vibaka wa mtaani: ulinzi shirikishi na daftari la mahudhurio

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama elfu mbili mnayochangishwa kila nyumba kwa ajili ya ulinzi shirikishi ina faida yoyote. Pili, kama ni vyema mkuu wa shule ya kata yenu awapeleke wanafunzi gerezani "wakajionee wenyewe". Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata upande wa Mbagala, na tangu 2015 nimo kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa ninaoishi. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kamati yetu ilizaliwa na hofu. Waliokuwa Dar mwanzoni mwa Januari 2015 wanaikumbuka ile jioni ya panya road, magenge ya vijana waporaji, watu wanafunga maduka na kukimbilia ndani, kila mmoja anampigia mwenzake simu kwamba wamefika mtaa fulani. Haikupita muda mwenyekiti wetu akaitisha mkutano. Tukapata vijana wanane, tukawanunulia tochi, filimbi na virungu, doria ikaanza saa nne usiku hadi alfajiri.

Sitaki kuidharau doria. Kuvunjiwa nyumba usiku kulipungua sana miezi ile ya mwanzo. Ila ukabaji ulihamia saa kumi na mbili na nusu jioni, muda ambao watu wanashuka kwenye daladala na walinzi wetu bado wako kwao wanakula. Halafu michango ikaanza kusuasua, posho ikakwama, walinzi wawili wakaacha kazi. Mmoja wao tulikuja kumkamata baadaye, ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wenzake nyumba zinazobaki bila mtu mchana. Tulikuwa tumempa filimbi na kumzungusha kila uchochoro bila kuuliza hata alikuwa akifanya nini kabla ya kuja kwetu.

Kwa hiyo elfu mbili toa, lakini dai mambo yako. Majina ya walinzi yawe yamefika kwa polisi kata. Mapato na posho vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi. Na iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kwamba atakayekamatwa anafikishwa kituoni akiwa mzima. Hili la mwisho usilipuuze. Sungusungu wa Shinyanga na Tabora, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 80 kupambana na wezi wa ng'ombe, walifanya kazi kubwa hadi sheria ikaja kuwatambua 1989. Lakini nguvu hiyohiyo ya kijiji kizima iliwaangukia pia wazee walioshutumiwa uchawi. Watu wenye hasira na virungu wakikosa mtu wa kuwazuia, hawaulizi mara mbili.

Najua ninachosema. Mwaka ule wa kwanza usiku mmoja niliitwa, kuna kibaka kakamatwa na simu ya mama mmoja wa genge. Nilipofika alikuwa ameshapigwa, damu imemjaa mdomoni, amekalishwa kwenye mchanga. Aliinua uso akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Tulimpeleka kituoni, kisha hospitali. Asubuhi nikafungua daftari la mahudhurio la darasa langu. Mbele ya jina lake nilikuwa nimeweka alama ya utoro wiki sita mfululizo, kwa mkono wangu na kwa wino mwekundu. Kwao ni mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na sikuwahi kufika.

Tangu siku hiyo mawazo yangu kuhusu uhalifu wa vijana yalibadilika. Niliomba majina ya vijana wa mtaa wetu waliofikishwa kituoni mwaka ule, nikazunguka nayo kwenye shule za jirani. Karibu wote walikuwa wameacha shule kimyakimya kabla ya kuanza kupora. Kati ya hao hakuna aliyetoka darasani Ijumaa akakaba mtu Jumamosi. Kulikuwa na wiki, mara nyingi miezi, ambapo mtoto hayuko shule, hayuko kazini, yuko kijiweni, na daftari la serikali lilikuwa linajua hivyo. Mtaa ndio haukujua.

Tulichofanya ni kuunganisha vitu hivyo viwili. Tulikubaliana na mkuu wa shule kwamba mwanafunzi akikosekana siku tatu bila taarifa, mwalimu wa darasa anapeleka jina kwa mjumbe wa kamati anayeishi karibu na kwao. Mjumbe anakwenda nyumbani jioni, bila polisi, bila mtendaji. Kwetu kazi hii tuliwapa akina mama wawili watu wazima, kwa sababu mlango hufunguka upesi kwa anayesema "hodi, mama fulani, nimekuja kumjulia hali kijana".

Waliyoyakuta humo ndani yalinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Mvulana mmoja alikuwa analea wadogo zake kwa sababu mama anaondoka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi stendi. Mwingine alikuwa anachelewa kila siku kwa kuwa makonda hawataki kumpakia mwanafunzi wa nauli nusu, anafika anakula viboko, mwisho akaona bora asije kabisa. Huyu tulimtibu kwa siku moja tu: tuliacha kumchapa. Msichana mmoja hakuwa na sare iliyomtosha. Ni kweli ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, na niliona kwa macho yangu madarasa yakifurika, lakini sare, viatu na nauli bado ni vya mzazi.

Na dubwi. Jamani, dubwi! Vijana watatu walikuwa wamekula hela ya michango ya nyumbani kwenye zile mashine za kamari zilizowekwa nyuma ya duka, hatua chache kutoka getini kwetu, na walikuwa wameanza kuiba ili walipe. Sheria inakataza kamari kwa walio chini ya miaka 18, na mwenye duka alijua. Mwenyekiti alikwenda na polisi kata, mashine zikaondolewa. Kama kwenu zipo karibu na shule, anzeni hapo kabla ya kununua kirungu hata kimoja.

Kuna kipindi ambacho hata daftari halikusaidii. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba na kidato cha kwanza ni Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba, na atakayechaguliwa kidato cha tano anasubiri hadi Julai. Miezi hiyo watoto hawana mwenyewe. Sisi tulizunguka kwa mafundi: gereji, seremala, cherehani, saluni, fundi wa kuchomelea. Kila mmoja akachukua watoto wawili au watatu kuanzia asubuhi mpaka mchana, hawalipwi, ila mtaa unachangia chakula. Jioni kuna mpira. Mpira wenyewe bila kocha mwenye orodha ya majina haufanyi kitu. Kocha wetu asipomwona kijana mazoezini siku mbili, anapita kwao. Mabonanza ya siku moja yenye fulana na mgeni rasmi tuliyajaribu pia, na kesho yake kijiwe kilikuwa palepale.

Sasa gereza. Mwombe mkuu wa shule asiwapeleke, nakusihi. Marekani walianza mpango wa namna hiyo gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 70: wafungwa wanawafokea na kuwatisha vijana ili waogope. Ukasifiwa sana na kuigwa majimbo mengi. Watafiti walipokuja kuwafuatilia vijana waliopelekwa na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakupelekwa, waliopelekwa ndio walioingia zaidi kwenye uhalifu. Shuleni kwetu tuliwahi kumleta mtu aonyeshe picha za majeraha na maiti za majambazi. Wale ambao tayari walikuwa na hofu walilala vibaya. Wale tuliowalenga walicheka, na kwa wiki nzima wakawa wanaigiza majina ya utani ya majambazi wale.

Kilichofaa ni askari mmoja, mwanamama, polisi kata wetu wa wakati huo. Alikuja kila Jumatano baada ya vipindi, bila bunduki wala hotuba, anakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Mwezi wa kwanza walimkwepa. Mwezi wa pili wasichana wakaanza kumweleza kuhusu mtu anayewasumbua njiani, akawafikisha dawati la jinsia na watoto. Baadaye wavulana wenyewe ndio waliomnong'oneza ni banda gani la fundi simu linanunua simu za wizi. Mnunuzi alipokamatwa, uporaji wa simu ulishuka kuliko ulivyowahi kushuka kwa doria yoyote. Hapohapo tukawafundisha wazazi kubonyeza *#06# na kuandika IMEI, namba ya utambulisho ya simu, kwenye daftari la nyumbani, maana bila namba hiyo ni kazi ngumu kuwathibitishia polisi kwamba simu ni yako.

Yule kijana aliyeniamkia akiwa anatoka damu hakurudi shule. Niliomba mara tatu, nafasi yake ilikuwa imeshapotea, na kwao walikuwa wamemkatia tamaa. Fundi mmoja wa kuchomelea alikubali kumchukua kwa masharti, na mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu sana kwao wote wawili. Leo anatengeneza mageti. Jino moja la mbele halipo.

Kwa mkutano wenu wa Jumapili, usiende na hoja ya elfu mbili peke yake. Pita shuleni Ijumaa, mwombe mwalimu wa taaluma majina ya waliokosekana wiki nzima, kisha mkabidhi mwenyekiti karatasi hiyo faraghani, isisomwe mbele ya watu. Muulizane nani anaishi karibu na nani, na nani atapiga hodi Jumatatu.