Inter au Open Sans kwa tovuti ya habari?

Mkuu, umeuliza uchague fonti ipi kati ya Inter na Open Sans, na kwa nini herufi zako nzito zinaonekana kuvimba. Tuanze na kuvimba: umepakia uzito wa 400 (herufi za kawaida) peke yake, halafu CSS, yaani msimbo wa mwonekano wa tovuti, inaomba 700 (herufi nzito). Brauza haina faili hiyo, kwa hiyo inazinenepesha herufi yenyewe. Pakia na 700. Za mlalo (italiki) nazo ni vivyo hivyo.

Kwa habari ndefu ningechukua Open Sans. Inter ilichorwa hasa kwa vitufe na menyu za skrini. Zote zina leseni huria ya fonti, SIL OFL, hivyo ruksa kuziweka kwenye seva yako.

Tumia faili za WOFF2 (fonti zilizobanwa kwa ajili ya wavuti) pamoja na amri ya CSS font-display: swap, maandishi yasifichwe fonti ikiwa bado inashuka. Ukipunguza herufi zilizomo kwenye faili kwa pyftsubset (programu ya kazi hiyo), usiishie U+0020-007E, yaani namba za Unicode za herufi za msingi za Kiingereza: alama iliyo kwenye ng’ombe ni U+2019. Ukiisahau, brauza itaiazima kutoka fonti nyingine na neno litaonekana lina kiraka.

Maandishi ya habari yape pikseli 17, line-height (kimo cha mstari) 1.6.