Visa ya kazi huku, kibarua kule

Nimepata visa ya kazi ya Poland, aina D, kiwanda cha nyama. Wakala anasema hiyo ni Schengen, nikishafika nivuke Ujerumani kwenye mshahara mnono. Ni kweli? (Dereva, Nakuru)

Kuvuka utavuka. Visa hiyo inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) hadi siku 90 katika kila siku 180. Kutembea tu, ndugu yangu. Ruhusa ya kazi hutolewa na kila nchi kivyake. Tena kibali chako cha Poland kimefungwa kwa mwajiri aliyeandikwa humo. Ukinaswa ukipakia mizigo kwenye bohari Berlin, unaweza kurudishwa kwenu na kupigwa marufuku, na marufuku hiyo huingia kwenye mfumo ambao maofisa wa mipaka yote ya Schengen wanausoma. Wakala wakati huo simu haishiki.

Njia halali ipo. Kampuni yako ya Poland ikipata kazi Ujerumani, inaweza kukutuma ukiwa bado mwajiriwa wake, kwa visa iitwayo Vander Elst. Huyo alikuwa mwajiri wa Ubelgiji aliyepeleka mafundi wake, wakiwemo Wamoroko, kubomoa jengo Reims, Ufaransa. Akatozwa faini kwa kukosa vibali vya Kifaransa, akapinga, na mwaka 1994 Mahakama ya Ulaya ikampa haki. Wenye shahada na mshahara wa juu wana Blue Card, kibali cha kazi na ukaazi cha Umoja wa Ulaya: baada ya miezi 12 wanaweza kuhamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya (Denmark na Ireland hazimo), lakini huko nako wanaomba upya. Ya kiwanda cha nyama siyo hiyo.

Nauza dukani Muscat. Shemeji yangu ana duka la manukato Dubai, anataka nimsaidie Ijumaa na Jumamosi, siku zangu za mapumziko. (Binti wa Tanga)

Msalimie, kula biriani yake, rudi. Kadi yako ya ukaazi wa Oman inakusaidia kuomba visa ya mtandaoni ya kuingia Emirates, nayo ni ya matembezi. Kusimama nyuma ya kaunta ni kazi, hata kama hulipwi senti. Tangu 2024 anayemwajiri mtu bila kibali huko hutozwa faini kuanzia dirham 100,000 hadi milioni moja. Shemeji ndiye atakayelia kwanza.

Mimi ni Mganda, nina kibali cha kazi Kenya. Tawi letu la Dar linanihitaji. Si sote ni Afrika Mashariki? (Mhasibu, Nairobi)

Itifaki ya Soko la Pamoja ipo tangu Julai 2010, ila kibali cha Kenya kinaishia Namanga. Tanzania inataka viwili: kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015, na cha ukaazi Daraja B kutoka Uhamiaji. Tawi la Dar ndilo liombe, wewe ukiwa bado Nairobi. Wakikuambia "njoo kwanza, tutashughulikia ukifika", usikate tiketi.